Kompyuta Isiyowashwa

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Bosi ameingia nayo kaikumbatia kifuani, dereva wa teksi akimtangulia kufungua mlango. Tukaambiwa tunawe mikono kwanza. Tukanawa, kwa sabuni. Sanduku jeupe, ndani yake sanduku jingine, ndani kitambaa laini, ndani ya kitambaa — yenyewe. Nyembamba! Mhasibu akauliza nyingine iko wapi. Alidhani kile ni kifuniko.

Bosi hakutaja bei mbele yetu. Alimnong'oneza mhasibu sikioni. Mhasibu alikuwa ameketi tayari, lakini nilimwona akiketi tena.

Baadaye mhasibu kanieleza kwa lugha ya ofisi: mlango wa choo umeahirishwa. Sisi ni ofisi ya kuchora ramani za nyumba. Tunachora milango kutwa kucha. Choo chetu wenyewe kina pazia, na ukiingia unaimba ili watu wajue kuna mtu. Mhasibu huimba vizuri. Bosi hukohoa tu.

Ramani zote nachora mimi, kwa Kikongwe, kompyuta yangu mwenyewe niliyokuja nayo kazini. Kikongwe hana herufi M, kibonyezo kiling'oka, naibonyeza kwa kifuniko cha kalamu. Betri yake ilishakufa, anaishi kwa waya. Bawaba moja nimeifunga plasta ya kidonda. Feni yake ikianza kunguruma, watu wa duka la jirani hujua leo nachora ghorofa.

Kwa hiyo nilipoiona ile nyembamba nikajisemea: hatimaye! Nitachora kwa kitu cha maana. Nilifurahi kama mjinga.

Jumatano, 5 Machi

Haiwashwi.

Nimeuliza kwa upole nianze lini. Bosi akanitazama kama nimeomba kuogea maji ya kunywa. Kwamba kila ukiiwasha inazeeka. Kwamba plastiki ya juu isibanduliwe, ndiyo ushahidi kwamba ni mpya. Na hata ningeiwasha — haina matundu! Nimeigeuza pande zote. Hakuna pa kuchomeka flashi, wala pa kuchomeka waya mnene wa printa yetu. Bosi anasema kitu cha thamani hakina matundu.

Kazi yake ni kuonekana. Meza yangu imesogezwa ikabiliane na mlango wa barabarani, nayo imewekwa juu, kifuniko wazi nusu, giza tupu. Kizuri chajiuza, anasema bosi. Mimi nikae nyuma yake nionekane nabonyeza.

Na ramani? Ramani nichore kama kawaida, ila Kikongwe asionekane, anaaibisha. Basi yuko chini ya meza, mapajani mwangu. Wanaiita kompyuta mpakato, na leo ndiyo nimeelewa, maana nimempakata kama nilivyowapakata pacha wangu. Bosi kaleta kitambaa cha meza kirefu hadi sakafuni. Mkono wa kushoto unabonyeza juu, wa kulia unachora chini. Nikitazama chini, nionekane nawaza.

Ijumaa, 7 Machi

Mteja wa kwanza wa enzi mpya: muuza vigae. Kaingia, kasimama, kaitumbulia macho. Akasema, mashine gani hii isiyo na sauti kabisa!

Wakati huohuo Kikongwe ananguruma mapajani mwangu hadi magoti yanatetemeka. Bosi alikuwa ameshawasha feni kubwa ya kusimama, ili kelele iwe na mwenyewe. Karatasi zikaruka ofisi nzima. Mhasibu akalala juu ya zake.

Muuza vigae ametupa kazi papo hapo, na ameahidi kuwaambia ndugu zake.

Jioni nikamsimulia mume wangu, Baba Pacha. Yeye hufundisha udereva, kila kitu kwake ni gari. Kasema gari ghali na gari bovu yote huzimika mlimani kama dereva ni yuleyule. Nikamwambia letu halizimiki, kwa sababu haliwaki. Akacheka mpaka chai ikamtokea puani. Kisha akauliza kwa dhati: sasa inafaa bei yake au haifai? Nikafikiri. Imetuletea mteja, huo ndio ukweli. Inafaa, nikasema. Imezimwa hivyohivyo, inafaa. Hapo hatukucheka tena.

Jumatatu, 10 Machi

Mhasibu leo katupa methali kwa sauti ya kusikika: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bosi akajibu kwamba mgeni wa bei ile hapewi jembe, anapewa kiti. Na kapewa kiti kweli! Saa ya chakula inaondolewa mezani isije ikamwagikiwa, inakalishwa kwenye kiti cha wateja. Mteja akija, anasimama.

Si hilo lililoniudhi. Nimemsikia bosi akimwambia mteja kwamba mashine inachora yenyewe. "Huyu mama anaibonyezea tu." Nikiwa palepale! Nikasema moyoni, biashara hiyo, mwache. Lakini mteja alipotoka, bosi akaichukua ramani niliyoimaliza — nyumba ya vyumba vitatu, Kikongwe kaniunguza paja kwa ajili yake — akaitazama vizuri. Kisha akaitazama kompyuta. Kisha akatoa leso akaipangusa.

"Kazi nzuri," akasema. Hakuwa akiniangalia mimi.

Nadhani ameanza kuamini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeiwasha. Basi. Nimeandika.

Wote walikuwa wametoka kula. Nikanawa mikono. Nikainua kifuniko, na kabla sijamaliza kukiinua ilikuwa imeshaamka! Kikongwe namwasha, naenda kuchemsha chai, narudi, bado anajikuna. Hii haikutoa hata pumzi. Skrini — sijui niseme nini. Weupe wake ulikuwa mweupe. Mistari myembamba ambayo kwa Kikongwe naichora kwa kukisia, hapa ningeiona yote. Vibonyezo vinashuka kabla hujakaza kidole. Nilitaka kulia, kweli. Wanaosema kompyuta ghali ni jina tu, hawajawahi kuchora ngazi kwenye mashine inayotetemeka. Vya rahisi ni ghali, na ninayelipa ni mimi, kwa macho yangu na mgongo wangu.

Ikaniuliza: jina lako nani?

Nilishtuka. Hapa ofisini mimi ni Mama Pacha. Mtaani Mama Pacha. Kwa mama mkwe mimi ni mke wa mwanawe. Hata Baba Pacha, aliyenitongoza kwa jina langu, alilisahau tulipotoka wodi ya wazazi. Limebaki mahali pamoja tu: chini kwenye pembe ya kila ramani, katika kile kisanduku kidogo. Mchoraji, nukta mbili, halafu mimi. Marehemu mama ndiye aliyenipa. Alikuwa akiliita kutoka jikoni, na ole wangu nisiitike. Mtu mzima akikuita, uko chooni, uko usingizini, una hasira — unaitika abee. Siku hizi abee yangu imekaa bure.

Nikaliandika. Ikanikaribisha, jina langu kwa herufi kubwa nzuri. Ikaomba neno la siri, nikaipa, sitaliandika hata humu. Halafu nikasikia vicheko vya watu mlangoni, nikaifunga upesi.

Jumanne, 18 Machi

Kuna mtu mpya. Ni shemeji wa bosi, mdogo wa mke wake, na sote tumeambiwa tumwite Shemeji. Suti! Hajui kuchora, hajui kubonyeza, lakini ana mabega. Bosi anasema mashine ya bei ile inadai mtu anayeendana nayo. Mimi na sweta langu tunaishusha thamani.

Kakalia kiti changu. Mimi na Kikongwe tumehamia stoo, kati ya makopo ya rangi na ua la plastiki lililovunjika chungu.

Halafu hili. Bosi kaniambia kile kisanduku cha pembeni sasa kinachanganya wateja. Mashine inachora, halafu chini kuna jina la mtu! Nilifute. Tena nilifute mwenyewe, kwenye ramani zote zilizomo ndani ya Kikongwe. Niweke Mchoraji: Kompyuta. Nimekaa kutwa nikijifuta. Kila nilipofika kwenye M nilichukua kifuniko cha kalamu.

Nililia kidogo. Makopo ya rangi hayamwambii mtu.

Wakati wa kutoka bosi akaongeza, kwa uchangamfu kabisa, kwamba mwisho wa mwezi tutakaa tuone kama stoo bado inahitaji mtu.

Ijumaa, 21 Machi

Pacha mmoja alipata homa, kwa hiyo na wa pili akapata homa. Jana sikwenda kazini. Leo narudi nakuta muuza vigae alikuja kuifuata ramani yake, haikuwa tayari, Shemeji akamchorea kwa simu yake palepale.

Nimeiona. Ni nyumba ya chini tu, isiyo na ghorofa, yenye ngazi. Ngazi nzuri, inazunguka, inapanda hadi darini na kuishia hapo. Nikamuuliza Shemeji inakwenda wapi.

"Juu."

"Juu kuna nini?"

"Juu," akasema kwa subira, "kuna juu."

Na muuza vigae kafurahi! Kwamba binadamu wa kawaida asingewaza kitu kama hicho, ile ni akili ya mashine ya bei. Ameshaanza kuchimba msingi. Mhasibu kanisimulia haya yote akiwa chooni, akikatisha wimbo na kuendelea.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakumbuka mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Kaja mama mmoja, muuguzi mstaafu. Mfupi, ana fimbo ila haiegemei, anawaelekezea watu. Nilikuwa nimeuacha mlango wa stoo wazi kidogo. Kashika ramani ya jirani yake, kazi yetu ya mwaka juzi, imekunjwakunjwa mpaka imechakaa. Anasema jikoni kwa jirani kuna dirisha, ukiwa unakaanga unaliona geti bila kuacha mwiko. "Aliyechora hapa amewahi kupika huku anavizia watoto," akasema. Mume wake yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anataka nyumba ambayo mzee ataweza kwenda chooni bila kubebwa na mtu, maana kubebwa kunamnyima raha kuliko ugonjwa wenyewe. Akaweka kidole kwenye pembe ya ramani.

"Namtaka huyu."

Akalisoma jina langu. Kwa sauti! Sijalisikia likisemwa sijui tangu lini. Abee ilifika hadi menoni. Badala yake likaniponyoka kopo la rangi.

Bosi akamtazama Shemeji. Shemeji, kwa kukosa la kufanya, akainua kifuniko cha kompyuta. Nayo ikaamka — siku zote hizi na chaji haijaisha, hiyo nayo ni bei yake! — ikaandika kwa herufi kubwa, karibu, na jina langu.

Bosi akaisoma skrini. Akaisoma ramani. Uso wake ukang'aa.

"Mama, ndiye huyu," akasema. "Hilo ndilo jina la kompyuta yetu."

Mama muuguzi akauliza imekuwaje basi ramani ni ya mwaka juzi na mashine bado ina plastiki yake.

"Mama," bosi akasema, "ndiyo maana ni ghali."

Sijui kama amedanganya, au amesahau kweli kwamba hilo ni jina la mtu anayemlipa mshahara. Sijui kipi kinaniuma zaidi. Mhasibu alikuwa amegeukia stoo, akanitazama moja kwa moja, macho yamemtoka.

Mama muuguzi aliiangalia kompyuta muda mrefu, kwa jicho la mtu aliyezoea wagonjwa wanaoficha dawa chini ya ulimi. Akasema vizuri. Alhamisi atakuja kumwona huyu akimchorea nyumba yake, mbele ya macho yake. Asipoona, anakwenda kwingine.

Alipoondoka Shemeji akajaribu kuifungua. Inataka neno la siri. Kabonyeza jina la bosi, kabonyeza jina la dada yake, imekataa. Bosi karidhika sana. Mashine za bei ile, anasema, hazifunguki kwa kila mtu.

Jumanne, 25 Machi

Wanaiita kwa jina langu. Humu nitaandika fulani tu.

Fulani asikae juani. Fulani amefutwa vumbi? Nani kaweka kikombe karibu na fulani? Shemeji kamnunulia kimto. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia jina langu likitajwa kwa mapenzi namna ile, na kila likitajwa nageuka. Kila mara! Shingo inauma.

Mchana bosi kaniita kutoka stoo. "Mama Pacha, hebu mletee fulani kitambaa kisafi."

Nikampelekea.

Jumatano, 26 Machi

Bosi kaja stoo kwa miguu yake. Kaketi juu ya kopo, suruali ikashika rangi, nikanyamaza.

Mpango ni huu. Kesho nitakuwa chini ya meza, nyuma ya kile kitambaa kirefu, mimi na Kikongwe na waya wa printa. Mteja ataiambia kompyuta anachotaka. Shemeji atabonyeza juu. Mimi nitachora chini, nitatuma, printa itatema. Na kwenye kisanduku nirudishe lile jina. Yaani langu! Nimeruhusiwa kuliandika tena, kwa sababu sasa si langu. Mambo yakienda vizuri, nabaki kazini. Yakiharibika, stoo itakuwa stoo tu.

Nikasema, bosi, kwa nini nisikae juu ya kiti nikachora kama watu?

Akanitazama kwa huruma. "Atatuona waongo."

Nikajikaza. Na lile jina, bosi, ni la nani?

Akatazama dari. "Mama Pacha, tusianze mambo ya majina. Mteja anakuja saa nne."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nyumbani nina mdomo, waulize majirani. Nikifika ofisini sijui unakwenda wapi. Nikasema sawa. Najichukia kwa ile sawa, naiandika hapa ili nisijidanganye baadaye.

Baba Pacha safari hii hakucheka. Kasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, hilo linajulikana, lakini yule aliyeko mvunguni hakutungiwa methali. Kisha akatoka nje, akarudi na mto wa gari lake la mafunzo, ule wanaokalia wanafunzi wafupi. Wa magoti yako, akasema.

Nyumba ya mama muuguzi nimeshaichora kichwani. Nimeichora nikipika, nikiogesha pacha. Ni nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Alhamisi, 27 Machi

Niko chini ya meza. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga chafya. Vumbi! Kumbe fulani anafutwa vumbi peke yake.

Naona miguu. Viatu vya Shemeji, vipya, karatasi ya bei bado imeganda kwenye soli. Viatu vya bosi havitulii. Mto wa Baba Pacha ni dawa.

Mlango. Viatu vya mpira, havitoi sauti. Ni yeye. Fimbo.

Bosi kamkaribisha kiti. Kakataa, atasimama. Plastiki inalia, Shemeji anainua kifuniko. Karibu, na jina langu, nadhani, maana bosi amesema, "Unaona?"

Mama muuguzi kaisalimia. "Hujambo, mwanangu."

Shemeji kabonyeza.

Anaeleza sasa, taratibu, kama anakabidhi mgonjwa kwa zamu inayofuata. Mzee ni mrefu. Mkono wa kushoto hauna nguvu. Anapenda kujua nani kaingia. Hapendi kusaidiwa mbele ya wajukuu. Nachora —

— Nimechora! Chumba cha mzee kiko mbele, dirisha limeshushwa ili aliye kwenye kiti aone geti. Choo ndani kwa ndani. Mlango mpana wa kusukuma pembeni, hakuna kizingiti, vyuma vya kushika upande wa kulia. Nafasi ya kugeuza kiti, na nyuma yake nafasi ya mtu wa kusaidia, kidogo tu, ili asaidie bila kuonekana. Kikongwe alianza kunguruma nilipofika kwenye paa. Bosi akawasha feni. Haikutosha. Shemeji akakohoa. Haikutosha. Ndipo mhasibu akainuka, Mungu ambariki, akaenda chooni akaimba kwa sauti yote aliyopewa. Nikatuma.

Printa inatema. Nasikia karatasi ikitoka pole pole.

Kachukua. Anasoma. Naona fimbo tu, imetulia.

Anasoma bado.

"Hapa," kasema, "umemwachia nafasi anayemsukuma." Sauti imembadilika. "Umejuaje?"

Shemeji kabonyeza. Masikini, anabonyeza na kubonyeza.

Bosi kasema ni programu mpya.

Mama muuguzi kauliza kuna mgonjwa gani humu ndani, mbona mmoja anakohoa, mmoja anaimba, na meza inapumua. Bosi akacheka peke yake.

Sasa kaita. Jina langu. Si kama wanavyoliita hawa wakitafuta kitambaa. Ameliita kama wanavyoita wodini, kamili, bila haraka, kwa mtu anayemjua yupo.

Shemeji kabonyeza tena.

"Mama, hii haina sauti," bosi kasema. "Ndiyo uzuri wake."

"Nimemwita yeye. Sijakuita wewe."

Kiatu cha bosi kimeingia chini ya kitambaa. Kinanitafuta. Kimenipata, kimekalia vidole vya mkono wa kushoto, kinakandamiza. Wa kulia una kalamu.

Mama muuguzi kasema ataita tena, na kama hakuna wa kuitika jina hili, nyumba yake haitachorwa hapa. Bosi kakandamiza zaidi. Nikikaa kimya anaondoka. Nikiitika — sijui.

Ameita.

Marehemu mama alisema uko chooni, uko usingizini, una hasira. Chini ya meza hakusema. Lakini mama namjua, hata huku angetaka niitike. Feni imezimwa, sijui nani kaizima. Mhasibu ameacha kuimba. Vidole vinauma. Mdomo wangu umeshafunguka —